Ligi ya Taifa na Heshima ya Mji: Kandanda ya Tanga katika Historia Yetu

Yatajwapo mambo ya utamaduni wa Tanga, aghalabu fikira zetu huelekea kwa washairi, taarabu na bendi za dansi. Hapana ubaya kufanya hivyo. Mkoa uliomzaa Shaaban Robert mwaka 1909 una haki ya kujivunia lugha yake. Hata hivyo, liko jambo jingine ambalo limewakusanya watu wa Tanga kwa wingi zaidi kuliko kitabu chochote, nalo ni kandanda. Alasiri ya siku ya mchezo, watu wa Makorora, Ngamiani, Chumbageni, Usagara, Mabawa na Msambweni huelekea upande mmoja, uwanja wa Mkwakwani, na mji mzima huwa na habari moja.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi ligi ya taifa ya wanaume ilivyoingia katika maisha ya mji huo, jinsi Tanga ilivyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, na kwa nini ubingwa kama huo umekuwa adimu kwa miji ya mikoani. Hatuandiki ili kuwasifu washabiki wa klabu hii au ile. Tunataka kulikabili swali ambalo mwalimu anaweza kuulizwa na wanafunzi wake: je, ligi ya taifa ni mali ya taifa zima, au ni mashindano ya jiji moja ambayo sisi wengine tumealikwa kuyatazama?

Mashindano kabla ya mpira

Ni kosa kudhani kwamba Waingereza ndio waliowafundisha watu wa pwani kushindana. Walichokileta ni mpira na sheria zake. Ari ya mtaa kushindana na mtaa ilikuwapo zamani. Katika miji ya pwani, watu waligawanyika katika makundi ya ngoma, kila kundi likiwa na viongozi wake, mavazi yake na nyimbo zake, na kila moja likitafuta kulipita jingine kwa ukarimu, ufundi na idadi ya wafuasi.

Mfano ulio wazi ni ngoma ya beni, iliyoenea kutoka pwani ya Kenya hadi Tanga na kuingia bara katika miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, ameonyesha kwamba beni haikuwa mchezo wa kuwaiga wazungu tu. Ilikuwa chombo ambacho watu walikitumia kujipanga, kusaidiana na kushindana. Tanga ilikuwa na makundi mawili mashuhuri, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa watu wa mji wenye hadhi, na Arinoti waliwapokea wengi waliotoka bara na waliofanya kazi za mikono. Kwa hiyo, mashindano ya ngoma yalibeba ndani yake swali kubwa zaidi: nani mwenyeji wa mji huu, na nani mgeni?

Swali hilo lilikuwa na sababu zake za uchumi. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Mwaka huohuo Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge, na kati ya miche elfu moja iliyoagizwa ilinusurika 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na mbegu hiyo ndogo yalichipuka mashamba makubwa yaliyoubadilisha mkoa mzima. Kazi ya mkonge iliwaleta watu kutoka Unyamwezi, Ubena, Uha, kusini mwa nchi na hata kutoka nje ya mipaka yake. Bandari na karakana za reli ziliwaleta wengine. Hivyo Tanga ukawa mji ambamo Mdigo, Mbondei, Msambaa, Mzigua, Msegeju, Mwarabu, Mhindi na Mnyamwezi waliishi karibu, wakinunua samaki katika soko moja, ingawa hawakuwa sawa mbele ya serikali ya kikoloni.

Katika mji wa namna hiyo kandanda ilipata ardhi yenye rutuba. Tayari katika miaka ya 1880 wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, walikuwa wakiucheza mchezo huo, na miongoni mwao walikuwamo vijana kutoka Bonde. Baadaye shule, bandari na ofisi za serikali zikawa mahali pa kuundia timu. Mpira ulihitaji vitu vichache: uwanja wa mchanga, vijana, na kitu cha mviringo. Mtoto asiye na mpira wa ngozi alifunga matambara au makaratasi kwa kamba akapata chandimu yake.

Hapa inafaa kulinganisha. Mpira wa kikapu uliobuniwa na James Naismith huko Springfield, Marekani, mwaka 1891, nao ni mchezo mzuri, na jina lake la Kiswahili linatukumbusha vikapu vya matunda vilivyotumika siku ya kwanza. Lakini mchezo huo unataka sakafu ngumu, mpira unaodunda sawasawa, na goli lililoinuliwa futi 10 kutoka ardhini. Kwa sababu hiyo kwetu ulikaa zaidi katika shule, vyuo, majeshi na vituo vya vijana vya mijini. Umetupatia vijana hodari, na mmoja wao, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya Marekani mwaka 2009. Hata hivyo, haukuingia katika kila uchochoro kama kandanda ilivyoingia, kwa kuwa uchochoro hauna sakafu.

Klabu mbili za mji mmoja

Klabu mbili ndizo zilizobeba historia ya kandanda ya Tanga. Ya kwanza ni African Sports, iliyozaliwa katika miaka ya 1930, ambayo wapenzi wake hujiita Wana Kimanumanu. Ya pili ni Coastal Union, iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo huitwa Wagosi wa Kaya. Neno mgosi katika lugha za Wabondei na Wasambaa ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Basi Wagosi wa Kaya ni wanaume wa nyumbani, wenye mji wao.

Majina haya yanastahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa historia. Katika miaka ya ukoloni, serikali iliwagawa watu kwa rangi katika shule, hospitali, mishahara na makazi. Klabu iliyojiita ya Waafrika ilikuwa ikitangaza jambo fulani kuhusu wenye nchi. Klabu iliyojiita umoja wa pwani nayo ilikuwa ikitangaza jambo jingine, kwamba watu wa mwambao, wa asili mbalimbali, wanaweza kuwa kitu kimoja. Yote mawili yalikuwa majibu kwa lile swali la enzi za Marini na Arinoti. Ni jambo la kufurahisha kwamba majina yote mawili ni ya Kiingereza na hayakubadilishwa, ilhali Sunderland ya Dar es Salaam, iliyochukua jina la klabu ya Uingereza, ililiacha mwaka 1971 ikawa Simba.

Klabu hizi hazikuwa timu za watu kumi na mmoja tu. Klabu ilikuwa baraza. Wanachama walikutana jioni, wakacheza bao na karata, wakazungumza habari za mji, wakachangiana katika harusi na misiba. Katika nyumba moja baba aliweza kuwa wa African Sports na mwana wa Coastal, wakataniana mwaka mzima, na siku ya msiba wakabeba jeneza pamoja. Utani wa namna hii ni sehemu ya utamaduni wetu, nao unafaa kulindwa usigeuke kuwa uadui.

Ligi ya taifa yaanza

Wakati wa ukoloni yalikuwapo mashindano ya nchi na nchi, hasa Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kwa mchezo kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika ilijiunga baadaye, na mwaka 1949 ililitwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza. Lakini klabu za mikoa mbalimbali hazikuwa na ligi moja ya kuzikutanisha. Kila mji ulikuwa na ubingwa wake, na bingwa wa Tanga hakuwa na haja ya kujua nani bingwa wa Mwanza.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mwalimu Julius Nyerere, alipoanza kazi ya urais mwezi Desemba 1962, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake haina roho. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na Baraza la Michezo la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Tusione ajabu kwamba ligi ilianza wakati uleule taifa lilipokuwa likijenga shule, barabara na chama. Ilikuwa sehemu ya kazi ileile ya kuwafanya watu wa mahali mbalimbali wajuane.

Tazama ligi inavyofanya kazi. Kila timu hucheza na kila timu, nyumbani na ugenini. Kwa hiyo kijana wa Makorora ambaye pengine asingesafiri kupita Korogwe alijikuta Songea, Mbeya, Mwanza na Morogoro. Alilala katika nyumba za wageni za miji hiyo, akala chakula chake, akasikia Kiswahili chenye lafudhi nyingine. Na siku timu za miji hiyo zilipokuja Mkwakwani, watu wa Tanga waliwaona kwa macho wale waliowasikia redioni tu.

Redio nayo ilitoa mchango mkubwa. Matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yaliwafanya watu walioketi barazani kuuona mchezo kwa masikio. Watangazaji hawakuweza kuyasimulia mambo hayo kwa maneno ya Kiingereza, wakatafuta ya Kiswahili. Mlinda mlango, mshambuliaji, kiungo, kuotea, nyavu, mkwaju, dimba: maneno haya yalisikika Kigoma na Mtwara siku moja na saa moja. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mfano wa jinsi lugha inavyokua kwa matumizi, hana haja ya kwenda mbali.

Lakini tangu mwanzo ligi ilikuwa na mwelekeo wa upande mmoja. Sunderland walichukua ubingwa mwaka 1965 na 1966, Cosmopolitans wakafuata mwaka 1967, kisha Yanga wakaushika kwa miaka mitano mfululizo, 1968 hadi 1972. Klabu hizi zote ni za Dar es Salaam. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1975 ndipo ubingwa ulipotoka nje ya jiji hilo, ulipochukuliwa na Mseto ya Morogoro. Baadaye Simba wakautwaa mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980.

Mwaka 1988

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa nchi yetu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula hazina. Mafuta yalikuwa adimu, na sabuni, sukari na nguo zilipatikana kwa foleni. Kwa Tanga pigo lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu ya mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za singa na kuongoza duniani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka hadi karibu sehemu moja ya saba ya kiasi hicho, kwa kuwa kamba za nailoni zilikuwa zimeiharibu bei na mashamba yalikuwa yamechakaa.

Hata hivyo, ndio wakati ambao miji ya mikoani iling'ara katika kandanda. Mwaka 1986 Tukuyu Stars kutoka Rungwe waliushangaza umma kwa kutwaa ubingwa mara tu walipopanda daraja. Mwaka 1987 Yanga wakaurudisha Dar es Salaam. Mwaka 1988 ukaenda Tanga: Coastal Union wakawa mabingwa wa Tanzania Bara.

Je, iliwezekanaje? Tunaona sababu tatu. Kwanza, mchezo ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji hakuishi kwa mshahara wa klabu. Aliishi kwa kazi yake ya bandari, reli, kiwanda au ofisi. Mwajiri akimpa ruhusa ya mazoezi, hakuwa na sababu kubwa ya kuuhama mji. Pili, mashirika ya umma na viwanda vilikuwa vimetawanywa mikoani kwa makusudi, na Tanga ilikuwa na kiwanda cha mbolea, cha chuma na cha saruji. Palipo na kazi hubaki vijana, na palipo na vijana hubaki timu. Tatu, tofauti ya uwezo kati ya klabu kubwa na ndogo haikuwa pana kama ilivyokuja kuwa. Wote walisafiri kwa taabu, wote walikosa viatu, na wote walitegemea michango ya wanachama.

Miongoni mwa wachezaji wa kizazi hicho cha Coastal alikuwamo Juma Mgunda, ambaye baadaye alikuja kuifundisha klabu hiyohiyo, kisha Simba. Maisha yake yanatuonyesha kwamba ubingwa haukuwa kombe la kuwekwa kabatini tu. Uliacha ujuzi, na ujuzi ulirithishwa.

Baada ya ubingwa

Katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa au yakafungwa. Viwanda vya Tanga vilivyonyamaza viliondoka na ajira, na timu zilizotegemea mashirika zikakosa mlezi. Polepole kandanda ikawa kazi ya kulipwa. Wafadhili wakajitokeza, na kuanzia mwaka 2013 haki za kuonyesha ligi katika televisheni zikaanza kuuzwa. Hatusemi kwamba jambo hilo ni baya. Mchezaji ana haki ya kulipwa kama fundi mwingine yeyote, na wazee wengi waliolitumikia taifa kwa ridhaa waliishia kuishi kwa dhiki. Lakini fedha hufuata umati, na umati mkubwa ni wa Simba na Yanga. Nje ya Dar es Salaam, Mtibwa Sugar ya Turiani, yenye kiwanda cha sukari nyuma yake, ilitwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000. Azam, nayo ya Dar es Salaam, iliutwaa mwaka 2014. Kuanzia hapo hadi msimu wa 2024/2025, ubingwa haukutoka mikononi mwa Simba na Yanga.

Kwa Tanga, mwaka mchungu ulikuwa 2016. Katika msimu wa 2015/2016 mji huo ulikuwa na timu tatu katika ligi kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo ya JKT. Ulipomalizika, timu tatu zilizoshuka daraja zilikuwa hizohizo tatu. Mji uliokuwa na timu tatu ukabaki hauna hata moja.

Coastal walirudi katika ligi kuu msimu wa 2018/2019. Mwaka 2022 walifika fainali ya kombe la shirikisho, iliyochezwa Arusha dhidi ya Yanga. Abdul Suleiman, aitwaye Sopu, alifunga mabao yote matatu ya Coastal, mchezo ukawa sare ya 3 kwa 3, na Yanga wakashinda kwa mikwaju ya penalti. Msimu wa 2023/2024 Coastal walishika nafasi ya nne wakapata tiketi ya mashindano ya Afrika, lakini wakatolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola.

Haya yanaonyesha kwamba chemchemi haijakauka. Tatizo ni mahali maji yanapokwenda. Sopu alihamia Azam mwaka uleule wa fainali. Kabla yake, mwaka 2020, beki Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal akaenda Yanga. Hatuwalaumu vijana hawa, kwani kila mtu huitafuta riziki pale ilipo. Lakini mji ukilea na mwingine ukavuna kila mwaka, yule mlezi hawezi kujenga timu ya miaka mitano. Tusisahau pia kwamba kwa muda mrefu tulipotaja ligi ya taifa tulikuwa tukiwataja wanaume peke yao. Ligi kuu ya wanawake ilianza mwaka 2016, na wasichana wa pwani wana haki ya kuuliza walikuwa wapi katika historia hii.

Kazi iliyobaki

Tumeuliza kama ligi ya taifa ni mali ya taifa zima. Jibu letu ni kwamba iliwahi kuwa hivyo kwa kiasi fulani, na ilikuwa hivyo kwa sababu zilizotengenezwa na watu: kazi zilizopelekwa mikoani, waajiri waliotoa ruhusa, wanachama waliochanga. Jambo lililotengenezwa na watu laweza kutengenezwa tena, ingawa si kwa namna ileile. Halmashauri zinaweza kuvilinda viwanja vya mitaa visimegwe kwa majengo. Klabu zinaweza kuandika mikataba inayowapa walezi wa kijana sehemu ya malipo anapouzwa. Shule nazo zinaweza kurudisha saa za michezo zilizomezwa na masomo ya ziada.

Liko pia jambo ambalo mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kulianza bila kungoja fedha. Ubingwa wa mwaka 1988 umo zaidi katika vichwa vya wazee kuliko katika vitabu. Wengine wameshatutoka. Kila mtaa wa Tanga una mtu aliyekuwapo Mkwakwani wakati ule, awe mchezaji, mshona viatu vya timu, dereva wa basi, au mama aliyeuza kahawa na kashata nje ya uwanja. Wanafunzi wa Makorora wachukue daftari wakawaulize: mlisafiri kwa nini, mlilala wapi, nani alilipa, mliimba nini? Majibu yakiandikwa na kulinganishwa, tutapata sura ya historia ya nchi yetu ambayo hakuna mtu mwingine atakayetuandikia. Na pengine katika kuuliza huko, kijana mmoja atatambua kwamba mji wake uliwahi kuwa wa kwanza nchini, na kwamba haikuwa bahati.